Umeokoka au Umeokota?

Fundi alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye mtaa mzima ulimwita Okota, na jina hilo hakupewa bure. Tangu utotoni, kitu chochote kigeni kikionekana mkononi mwake, kiwe kalamu ya mwenzake au redio ya jirani, alikuwa na jibu moja tu: nimeokota. Alikua hivyo, mkono mrefu na uso mkavu. Mwishowe akaiokota hata cherehani ya mama yao, mama mwenyewe akiwa kitandani hajiwezi, akaenda kuiuza. Katika vyombo vya kazi ulibaki mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, kwa sababu mama alikuwa ameulalia chini ya mto. Mama alipofariki, Fundi akaurithi mkasi pamoja na kinyongo.

Sasa Okota alikuwa ametoka gerezani. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, Biblia kaibana kwapani.

"Dada, nimeokoka."

"Umeokoka au umeokota?" Fundi aliuliza bila kuacha kukanyaga cherehani yake mpya.

Okota alicheka kidogo. "Hii Biblia nilipewa na mchungaji."

"Mbona sijauliza habari za Biblia?"

Alimpa kona ya kulala, maana mtoto wa mama yako huwezi kumwacha barabarani ukapata usingizi. Lakini hakumwondolea macho. Okota akifagia, Fundi alijiuliza anatafuta nini sakafuni. Akichota maji bila kutumwa, alijiuliza anataka nini. Akifumba macho kusali, Fundi aliyakodoa ya kwake, kwa kuwa alimjua vizuri: huyu angeweza kukuhesabia vyombo vyako huku anasema amina. Wema wote ule ulimtia wasiwasi kuliko matusi ya zamani.

Kanisani kwao ilikuwa desturi kwamba mtu akibatizwa, mmoja wa nduguze husimama kwenye ngazi za kisima cha ubatizo, ameshika taulo, ampokee akitoka majini. Okota hakuwa na ndugu mwingine duniani.

"Utanipokea, dada?"

"Nitaona," alisema Fundi, na ile nitaona yake ilikuwa hapana ya kistaarabu.

Kanzu nyeupe za wabatizwa alizishona yeye. Alizikunja, akazifunga furushi, na Ijumaa mke wa mchungaji akaja kulichukua. Jumamosi Fundi akanyoosha mkono mezani kuchukua mkasi wa mama, asiuone. Akapekua chini ya meza, ndani ya sanduku la vipande, nyuma ya cherehani. Haupo. Moyo ukampasuka kwa hasira, na ndani ya hasira hiyo, tuseme ukweli, kulikuwa na kafuraha kadogo ka mtu aliyesema tangu mwanzo.

Alimkuta Okota kanisani, yumo ndani ya kisima kikavu, anasugua kuta pamoja na mchungaji. Akina mama wa usafi walikuwepo, wakaacha kufagia wapate kusikia.

"Mkasi wa mama uko wapi?"

"Sijauona, dada."

"Mchungaji, unajichosha bure. Huyu maji hayamwingii. Kuna watu Mungu mwenyewe ameshawanawia mikono."

"Sijapata kuambiwa ni akina nani hao," alisema mchungaji taratibu. "Ningeambiwa, ningeogopa kujikuta na mimi nimo."

"Usibishane naye, mchungaji," alisema Okota. "Hata mimi ningekuwa yeye, ningemshuku Okota."

Hilo ndilo lililomkera Fundi kupita yote. Okota wa zamani angeapa kwa kaburi la baba yao. Huyu aliinama akaendelea kusugua.

"Mtu wa taulo utafute mwingine," Fundi alisema, akaondoka.

Jumapili alikwenda kanisani, ila alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wabatizwa walitoka chumba cha kubadilishia mmoja mmoja, kanzu zimewakaa vizuri. Okota hakutokea. Waimbaji wakarudia wimbo uleule. Tayari, Fundi akawaza, ametoroka, na kanzu yangu ameondoka nayo.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Okota alikuwa amevaa kanzu, na mikononi ameshika kipande cha taulo kuukuu kilichofungiwa kitu. Alipita mbele ya watu wote, akaja hadi benchi la nyuma, akakifunua upande mmoja. Ulikuwa mkasi wa mama.

Angeweza kuuacha kulekule chumbani na asijue mtu. Alimtazama dada yake.

"Dada," alisema, "nimeokota."

Kuna waliocheka. Mchungaji hakucheka.

"Ulikuwa katikati ya kanzu zilizokunjwa," Okota aliendelea. "Najua linavyosikika."

Fundi hakuutazama mkasi. Alikitazama kile kipande cha taulo na uzi mwekundu uliokifungia, fundo la kuzungusha mara mbili alilofundishwa na mama. Akakumbuka. Alhamisi alisikia miguu ya Okota nje, akaufungia mkasi humo haraka, akauchomeka kati ya kanzu, mahali ambapo mwanamume hawezi kupekua. Kisha mteja akaingia, wakazungumza, akasahau. Alimficha mwizi mkasi, akajiibia mwenyewe.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Angenyamaza tu, na kanisa zima lingeamini Okota ndiye aliyeiba. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno, na hapo ndipo alipojiogopa.

Alisimama. "Ni mimi," alisema, na sauti yake ilifika mbele. "Mimi ndiye niliyeuficha. Fundo hilo ni langu. Yeye hakuiba kitu."

Mchungaji alishuka majini, akauliza kama ilivyo desturi, "Huyu anapokewa na nani?"

Fundi alikwishafika kwenye ngazi, viatu miguuni, mkasi kauweka chini. Okota alizama, akaibuka akitweta, na dada yake akamfuta kwa kile kipande, ambacho hakikutosha hata uso na kilinuka mafuta ya cherehani.

"Dada, unanipaka mafuta."

"Nyamaza," alisema Fundi, naye analia bila kujificha. "Inama, nikufikie kichwa."