Uvimbe wa Pili

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alama ya Muhonja kwenye skrini ilishuka kutoka tisini na moja hadi tisini.

Alikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro mtaani Kayole, mmoja wa watu kumi na wanane wanaofundisha mashine kutambua uvimbe katika picha za hospitali. Mashine huchora mstari wa manjano kwanza. Watu watatu huupitia, kila mmoja kivyake, na anayetofautiana na wenzake wawili hupoteza alama. Zikishuka hadi themanini na tisa, kompyuta yenyewe humfungia mtu nje ya kazi. Hakuna rufaa.

Picha ilikuwa ya mapafu ya mwanamke wa miaka thelathini na minne. Mashine ilikuwa imezungushia uvimbe mmoja. Muhonja, aliyepiga eksirei miaka sita katika kliniki moja ya Kariobangi hadi ilipofungwa, alichora na wa pili, nyuma ya ubavu, mdogo kama punje ya mtama. Sasa alikuwa na dakika kumi za kuufuta, la sivyo alama nyingine ingekatwa.

Alimwita Mulwa, msimamizi. Mulwa aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nauona," alisema.

"Basi tuuache."

"Madam, mteja hatuulizi tunaona nini. Anauliza kama tunakubaliana."

Nabiswa, kwenye kiti cha pembeni, aliyepewa picha hiyohiyo, hakugeuka. "Hata mimi niliuona, dada. Lakini mimi si daktari. Mimi ni Baba Triza."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo.

Muhonja aliuliza kama kuna mahali pa kumwandikia daktari wa yule mwanamke. Hapakuwa. Mulwa alimwomba afute, kwa sauti ya chini, kama anayemwomba mtu asogee kwenye benchi. Tangu Januari walikuwa wamefungiwa watano, hakuna aliyerudi.

Muhonja alikipeleka kishale kwenye kitufe cha kufuta, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akakisogeza, akabonyeza cha kutuma.

Skrini yake ikawa nyeupe. Mulwa akapokea kitambulisho cha kazi cha Muhonja bila kumtazama.

Kwa kanuni, mchoro wa aliyefungiwa hauhesabiwi. Saa tatu na dakika thelathini na moja, picha ilipita kwa michoro miwili iliyobaki: uvimbe mmoja, makubaliano asilimia mia moja.