DVD ya Harusi Iliyokuwa Ikikwama

Kwa miaka mitatu, kila mgeni aliyefika nyumbani kwa Anord pale Lukozi alimkuta anakula keki. Si Anord huyu aliyekaa kwenye kochi na soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi, bali yule kijana mwembamba mwenye suti ya kuazima, ndani ya kompyuta. DVD ya harusi ilianza vizuri, waimbaji wakapaza sauti, halafu picha ikaganda. Bwana harusi akabaki kaachama, kipande cha keki kikielea mbele ya meno yake. Baadaye picha iliruka, ikaganda tena, ikaruka.

"Robo karne sasa," mkewe Yusta aliwaambia wageni, "na kipande kimoja hakijamshuka. Msishangae chakula changu kinabaki."

Anord alikuwa mfanyabiashara wa mboga. Alinunua kabichi na karoti kwa wakulima wa Lukozi na kuzipeleka Tanga kwa lori. Lakini fahari yake ilikuwa kompyuta ile. Aliipata ofisi fulani ilipokuwa inatoa vifaa vyake chakavu, akaiwekea mfumo wa Linux mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya kwenye simu, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Nenosiri alilijua yeye tu. Picha ilipokwama, hakukosa wa kumlaumu. Mara umeme ulikuwa mdogo, mara ukungu umeingia ndani ya mashine, mara vijana wa studio waliohamisha mkanda wa zamani kwenda kwenye DVD walikuwa na haraka.

Jirani yao Mwanaisha, rafiki wa Yusta tangu usichana, alikuwa na deki nzima kabisa ya kuchezea DVD nyumbani kwake.

"Shemeji, si niilete tu?" aliuliza kila mara.

"Nyumba yenye kompyuta haiazimi deki," Anord alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Yusta alicheka na wenzake, ila palikuwa na sehemu moja ya ile DVD ambayo haikumchekesha. Baada ya keki, mama yake, Bibi Jenoveva, alisimama kutoa wasia kwa maharusi. Mwaka uliofuata alifariki, kabla hajamwona hata mjukuu mmoja. Sauti yake haikuhifadhiwa mahali pengine popote, na humo kwenye DVD ilikatikakatika: "Anord... Yusta... usi... ng'ombe..." Basi. Siku yenyewe ya harusi Yusta alikuwa analia, hakusikia neno. Anord alidai kwamba yeye alisikia.

"Alisema nisikubali kuendeshwa kama ng'ombe."

"Mama yangu? Alisema usinifanyishe kazi kama ng'ombe!"

Ubishi huo ulikuwa umekaa nyumbani kwao kama mtoto wa tano.

Mwaka huu ndoa yao ilitimiza miaka ishirini na mitano. Watoto wote wanne walikuwa njiani, mchungaji alishakubali kuja kubariki pete Jumamosi, na Heri, kifungua mimba wao, alikuwa amepiga simu kuomba wageni waonyeshwe harusi ile ukutani kwa projekta. Yusta aliposikia alimkazia macho mumewe. Anord akaona afadhali achekwe kuliko kutazamwa hivyo.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi, barabara ikawa utelezi na lori halikuja. Baada ya chakula cha mchana Anord aliketi mbele ya kompyuta, akakunja mikono ya sweta. Yusta alikuwa pembeni yake anabambua maharage. Mwanaisha akaingia, kitenge kichwani kwa ajili ya mvua, akavuta kigoda.

"Leo namaliza," Anord akatangaza.

"Keki?" Mwanaisha akauliza.

Anord akavuta kibodi karibu. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Safari hii, badala ya kuilaumu mvua, aliamua kuiuliza mashine yenyewe. Alikuwa amesoma habari za programu iitwayo hdparm, inayoonyesha kisomeo cha diski kinapitisha data kwa njia gani na kwa kasi gani, na inayoweza kubadilisha mipangilio hiyo pia. Akavaa miwani, akaanza kuandika.

"Ngoja kwanza," Yusta akamshika mkono. "Ukikosea, kinafutika nini?"

"Hakifutiki kitu. Hii ni kuangalia tu." Akasita. "Ingawa wameandika kwamba baadhi ya amri zake ni za hatari."

"Picha za ubatizo wa watoto zimo humo, Baba Heri."

Anord alitaka kubisha, akabadili nia. Alichomeka flashi na kunakili picha zote, huku Mwanaisha akimpongeza kwa kila folda iliyokwisha kana kwamba anampigia mtoto makofi kwa kumaliza uji. Ndipo akarudi kwenye amri yake.

Mistari mingi ikajaa kwenye skrini. Katikati yake zilikuwemo njia zote ambazo kisomeo cha DVD kingeweza kuzitumia, kuanzia za polepole hadi za kasi, na pembeni ya njia inayotumika paliwekwa nyota ndogo. Nyota ilikuwa imekaa kwenye ile ya polepole. Akapima kasi: megabaiti moja na kitu kwa sekunde.

"Sasa nimeelewa," akasema taratibu. "DMA imezimwa."

"Tufafanulie na sisi wakulima," Mwanaisha akasema.

Anord akawageukia. "Chukueni hivi. Kabichi ziko shambani, lori liko barabarani. DMA ikiwashwa, wabebaji wanatoa kabichi shambani na kupakia moja kwa moja. Ikizimwa, kila kabichi lazima ipite kwanza mkononi mwa bosi. Bosi ndiye prosesa, ubongo wa mashine. Anapokea, anageuka, anapakia, anarudi. Hana nafasi ya kufanya kingine, hata kuonyesha picha inamshinda."

Wanawake wale wawili wakatazamana.

"Bosi anayetaka kila kabichi ipite mkononi mwake," Yusta akasema. "Huyo mimi nishawahi kuishi naye."

"Bado unaishi naye," Mwanaisha akaongeza, na maharage yakamwagika kwa kicheko.

Anord akaigeukia skrini. Aliandika amri ya kuwasha DMA. Mashine ikakataa. Akairudia kwa mamlaka ya msimamizi, akiandika nenosiri huku akilikinga kwa kiganja. Ikakataa tena. Alisoma kwenye simu yake kwa muda mrefu, akigunaguna, hadi akakuta maelezo kwamba katika Linux za sasa amri hiyo mara nyingi haina nguvu; huenda mashine yenyewe iliambiwa tangu inapowashwa kwamba isitumie DMA. Akafungua faili la mipangilio ya kuwashia. Mstari ulikuwepo: libata.dma=0.

"Haa! Hii hapa!" akaruka kwenye kiti. "Sifuri! Mtu ameandika sifuri! Nani ameingia humu?"

Yusta aliokota punje ya maharage, akaipuliza vumbi.

"Nenosiri anajua nani?" akauliza kwa upole.

Anord akafungua mdomo, akabaki hivyohivyo, na Mwanaisha akaelekeza kidole kwenye mdomo ule, maana ulikuwa uleule wa kwenye keki. Kumbukumbu ilikuwa inamrudia. Wiki ile alipoweka Linux, kisomeo kiligoma, na mtu asiyemjua kwenye mtandao akamshauri aandike maneno hayo kwa muda.

"Ilikuwa ya muda tu," akasema.

"Muda gani, shemeji?"

"Muda... kidogo."

Hapo hata yeye alishindwa kujizuia. Akacheka hadi miwani ikamdondokea mapajani. Kisha akaufuta mstari ule, akahifadhi, akazima mashine na kuiwasha upya.

Skrini ikawa nyeusi. Ikaendelea kuwa nyeusi kuliko kawaida. Yusta aliacha kubambua, naye Anord akashika ukingo wa meza kama anayezuia isiondoke. Mashine ikalia mlio mmoja, ikawaka. Akaandika amri yake ya mwanzo, akaitafuta nyota. Ilikuwa imehamia kwenye njia ya kasi. Megabaiti kumi na moja kwa sekunde.

"Weka harusi," Yusta akasema.

Waimbaji wakaimba. Keki ikafika mdomoni, ikaingia, ikatafunwa, ikamezwa, na Mwanaisha akapiga vigelegele. Kisha yakaja maserebuka. Kwa miaka yote Anord aliwasimulia watoto jinsi alivyocheza ukumbini kwa madaha, na picha za kurukaruka hazikuweza kumkanusha. Sasa wakamwona wazi akiutangulia muziki kwa mdundo mzima, akikanyaga shela la mkewe, akigeuka kuliomba radhi shela.

"Lo! Baba Heri, nyota imehama kweli!" Yusta alisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Naweza kuirudisha sifuri," Anord akanong'ona.

Ndipo Bibi Jenoveva akasimama. Alikuwa mfupi kuliko Yusta alivyomkumbuka, na kilemba chake kilikuwa kimeinamia upande. Alisema kwa lafudhi ya Kishambaa, bila haraka, na hakuna neno lililokatika.

"Anord, mwanangu, huyu Yusta nimemlea na hasira zake nazifahamu. Akikukasirikia usimjibu. Chukua panga, nenda ukawakatie ng'ombe majani. Ukirudi atakuwa amesahau. Na wewe Yusta, akirudi na majani, usimwambie ni machache."

Ukumbi wa zamani ukaangua kicheko. Sebuleni hakuna aliyecheka. Mwanaisha alikuwa jikoni siku ile ya harusi, na hakuwahi kumsikia bibi akisema maneno hayo; aliinama akaokota maharage sakafuni moja moja. Yusta aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameisahau ile namna ya mama yake ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja jina lake.

Anord hakutania. Alisogeza kiti karibu na cha mkewe, akaweka kipanya cha kompyuta mbele yake.

"Bonyeza hapa ukitaka kurudia," akasema. "Ruhusa unayo."

Yusta alirudia mara kadhaa. Halafu akatoa simu, akampigia kaka yake Stephano aliyeko Mnazi bondeni, ambaye mguu mbovu ungemzuia kupanda mlima Jumamosi.

"Kaka, shikamoo. Nyamaza usikilize," akamwambia, akaisogeza simu kwenye spika.

Bibi Jenoveva akasema tena yote, hadi majani machache. Kule bondeni pakasikika kuku tu. Kisha Stephano akakohoa.

"Huyo ni mama," akasema.

"Ndiye, kaka."

"Subiri kidogo basi," akasema, na wakasikia akiburuta kiti. "Nikae vizuri, halafu umwanzishe tena."