Nerf za Mbombo

Hasira zangu zinajulikana mji mzima wa Kamina, kuanzia gare, kituo cha treni, mpaka sokoni, na sioni haya. Kwetu hasira tunaiita kwa Kifaransa, nerf. "Mbombo iko na nerf," watu wanasema, na wauza ndizi wananiongezea moja kabla sijafungua kinywa.

Mwaka wa tisini na tisa nilijifungua mtoto wa tatu kwa kupasuliwa. Edmond, muuguzi wa sindano ya ganzi, alinichoma mgongoni, na papo hapo umeme ukashuka mguu wa kushoto hadi kidoleni. Nikapiga kelele. Akairudisha sindano nyuma kidogo, maumivu yakaisha, na binti yangu akatoka mzima. Kesho yake mguu wa kulia uliamka. Wa kushoto, kutoka goti kwenda chini, ulibaki unaning'inia, na nikiufinya sisikii kitu.

Mume wangu Kazadi alikuwa kwenye treni za askari, hajulikani anarudi lini. Watu wa Kabongo waliingia mjini kila siku kwa miguu, wakikimbia vita, na kila mmoja alikuwa na habari za mtu aliyeachwa nyuma kwa sababu hakuweza kutembea. Niliogopa, nasema wazi. Lakini nikajiambia: mguu huu utatembea, upende usipende.

Mama mkwe wangu, Mama Augustine, alikwenda kumuuliza Edmond. Akarudi uso unang'aa.

"Si kitu! Anasema ni nerf tu. Ikitulia, mguu utarudi."

"Nerf?"

"Weye na nerf yako! Miye nilisema siku zote. Utulie, mwanangu. Usigombane na muntu."

Ningefanya nini? Kwa ajili ya mguu wangu ningemeza hata sabuni. Wiki mbili sikugombana na mtu. Mbuzi wa jirani alitafuna kitenge changu kwenye kamba, nikamsalimia jirani vizuri. Watoto wangu wakaanza kuniogopa zaidi. Hospitali hatukurudi, kwani dawa ilikuwa kunyamaza, na nilikuwa nanyamaza.

Kila asubuhi Mama Augustine alinikanda kwa maji ya moto, kama anavyokandwa kila mzazi kwetu. Siku moja alichovya kitambaa kwenye maji yaliyochemka, akakiinua kwa mwiko, akakibandika kwenye mguu wa kushoto. Nilikuwa nanyonyesha. Sikusema neno.

"Unaona?" akafurahi. "Zamani ungepiga kelele mpaka gare. Nerf inapona!"

Alipotoa kitambaa, ngozi ilikuja nacho.

Hapo hofu ilinishika kweli. Mama Augustine alinipakia kwenye baiskeli ya jirani, akaisukuma mwenyewe hadi hospitali, akilia njia nzima.

Edmond alishika kichwa. "Nerf si hasira, mama! Ni mushipa ya ndani, ndiyo inapeleka habari ya mguu ku kichwa. Sindano iliigusa. Haikukatika, imelala tu. Lakini vile hasikii moto, ataungua!" Akanionyesha namna ya kuzungusha kitenge chini ya unyayo na kuuvuta juu, asubuhi na jioni. "Itakamata miezi. Lakini utatembea."

"Nitatembea," nikamjibu, "na weye ungesema mushipa toka mwanzo!" Hasira zote za wiki mbili zilimwangukia, maskini. Akakubali kosa.

Nilivuta kitenge kila siku, nikauambia mguu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mama Augustine aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, hanitazami usoni. "Unisamehe," alikuwa ananong'ona. Wala hata mimi, pamoja na ulimi wangu, sikuwahi kumtukana. Mama mkwe hatukanwi. Kwetu ni aibu isiyofutika.

Wiki ya saba, alipopitisha kitambaa karibu na kidole gumba, maumivu yalinipasua.

"Mama yo! Mwanamke mubaya weye, unataka kuniua?"

Kitambaa kikamdondoka. Nikaziba mdomo kwa mkono. Yeye akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akabonyeza pale pale.

"Inauma?"

"Inauma! Acha, mchawi weye!"

Akaweka paji la uso kwenye goti langu, analia na kucheka pamoja. Nilikuwa namtukana, machozi yananitoka, siwezi kuacha, na kwa kila tusi alikuwa anaitika, "Sema tena, mwanangu. Sema tena."