Vipande vya Somo la Kurudi

Chiriku ni jina alilopewa na baba yake akiwa mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akibwabwaja peke yake kitandani asubuhi, kabla hatujajua kwamba hasikii. Tulipojua, watu wakatushauri tulibadilishe, eti litakuwa linatuchoma. Baba yake ni fundi wa friji na hapendi kurudia kazi aliyokwisha kuimaliza. "Akiongea kwa mikono," akasema, "atakuwa chiriku wa mikono." Jina likabaki.

Sasa alikuwa na miaka sita na amepata nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi. Tungempeleka Jumatatu, tumfuate Ijumaa, na hivyo hivyo kila wiki. Lilikuwa jambo jema, tuliliomba wenyewe. Shida ilikuwa moja tu: sikujua namna ya kumwambia kwamba nitarudi kumchukua. Nilijua kumwambia njoo, kula, oga, hicho cha moto, nakupenda. Lakini maneno ya mambo ambayo hayapo mbele ya macho, kesho, siku fulani, nitarudi, hayo sikuwa nayo. Nikimwacha getini bila neno hilo, angejua nini zaidi ya kwamba mama amemfikisha kwa watu asiowajua, akageuka, akaenda zake?

Nilijaribu kuchora. Nikachora shule, kitanda, yeye akiwa ndani, mama anayeondoka upande wa kushoto na mama anayekuja upande wa kulia. Chiriku akaitazama karatasi kwa makini, akachukua rangi, akampaka mama wa kushoto nguo nyekundu na wa kulia nguo ya bluu. Kisha akamgusa yule wa bluu kwa kidole na kuniinulia nyusi. Huyu mwingine ni nani?

Mtandaoni nilikuta video tele, lakini ishara zina nchi zake kama lugha nyingine yoyote. Nikajifunza moja mbele ya kioo mpaka ikanikaa vizuri, nikamfanyia. Alicheka kana kwamba nina masizi puani.

Na neno lenyewe nililolitaka lilikuwamo ndani ya kompyuta yetu, ila limekatika.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliopita tulikuwa na darasa la jioni, wazazi wachache wenye watoto viziwi, na mwalimu mmoja aliyelelewa na baba na mama wasiosikia, ishara alizinyonya pamoja na maziwa. Alijirekodi akifundisha masomo yote. Video zilikuwa nzito na intaneti ya nyumbani kwake ilikuwa ya kusukuma, kwa hiyo hakumtumia kila mtu yake. Alitupatia linki: mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu ambao hata ukiusoma mara kumi haukuambii kitu. Unaunakili, unaubandika kwenye programu ya kupakulia, unachagua folda ya kuhifadhi, basi.

"Msidhani masomo yamo humu," alituambia siku ile. "Hii ni kadi ya mwaliko, na kwenye kadi hamna chakula. Inaiambia programu yako itafute nini, na itajuaje kwamba ilichopata ndicho chenyewe. Masomo yanatoka kwa watu. Leo yapo kwangu tu. Yamekatwa vipande, na kila kipande ukipatacho, kompyuta yako itampa mwenzako huku yenyewe ikiendelea kupokea. Kwa hiyo ukishapata, usifunge. Acha wazi wengine wapate."

Tukaitikia kama wanafunzi wema. Kisha kila mmoja akaenda kwake, akafungua, akaona bando linavyoyeyuka, akafunga. Kesho yake akafungua tena kidogo, akafunga tena. Haraka ya nini, mwalimu yupo.

Mwalimu akahamia mbali kumuuguza mama yake. Huko umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, kompyuta yake ikaungua. Alituandikia ujumbe: "Poleni wapenzi wangu. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja." Mahali alipo simu hupitisha maandishi tu. Picha haijaribu hata kutoka.

Yangu ilikuwa imefika asilimia themanini na moja, ikaganda. Na programu hizi hazichoti kutoka mwanzo kwenda mwisho kama mtu anayesoma kitabu. Zinaokota kipande hapa, kipande kule, chochote kilicho karibu. Kwa hiyo somo la nyakati nililifungua na likacheza. Mwalimu amevaa blauzi ya kijani, anaonyesha leo, anaonyesha jana, anaonyesha kesho. Halafu anasema, "Sasa tuone kurudi." Mkono wake unapanda hadi begani, na hapo picha inavunjika vigae vigae vya rangi. Ikija kutulia, tayari anatuaga.

Nilikuwa nimelitazama bega lile mpaka nikaota bega.

Jumanne mchana nilikuwa napiga pasi sare mpya. Kompyuta ipo mezani, programu wazi kwa kusahau tu. Nikapita kuchukua maji, nikaona themanini na nne. Nikaizima pasi. Nikaandika kwenye kundi letu la simu: "Nani amefungua masomo sasa hivi?"

"Mimi," akajibu msusi, mama wa mapacha, kwa ujumbe wa sauti uliojaa kelele za mashine ya kukaushia nywele. "Nina mteja kichwani, nimefungua tu nione kama muujiza umetokea. Na umetokea, shoga, kwangu imepanda. Mwalimu amerudi?"

"Hajarudi."

"Basi nani anatugawia?"

Nikaisogelea kompyuta. Kwenye programu palionekana mtu mmoja tu aliyeungana nami, na mtu huyo alikuwa hana masomo kamili, kama mimi. Alikuwa na yake, nilikuwa na yangu. Vile nilivyokosa mimi alikuwa navyo yeye, na vile alivyokosa yeye vilikuwa kwangu, kwa sababu tulifungua na kufunga saa tofauti, kila mtu akaokota lake. Miezi yote ile tulikuwa tumekalia mali ya wenzetu tukidhani tumekalia takataka.

"Wewe ndiye unanigawia," nikamwambia. "Na mimi nakugawia wewe."

"Mimi? Mimi niliyeishia sabini na kitu?"

"Wewe huyo huyo. Usifunge."

"Sasa nafungaje? Nimeshakuwa mwalimu."

Tukakubaliana wote tufungue Jumamosi alasiri kwa wakati mmoja, tuache wazi mpaka kieleweke. Mume wangu alipoambiwa aliangalia bando, akaniangalia mimi. "Mama Chiriku, yaani tunalipia watu wengine wachukue vitu kwetu?"

"Na wao wanalipia mimi nichukue kwao."

"Na mkikuta wote mmekosa kitu kile kile?"

"Tutajua Jumamosi."

Jumamosi watu wakaingia mmoja mmoja, na namba zikaanza kutambaa. Aliyekosekana alikuwa karani, mama anayefanya kazi masijala na anayejua kila karatasi ya mji huu ililala wapi. Akapiga simu analalamika. "Yangu inasema sina kitu. Sifuri. Na masomo ninayo, nayaona kwa macho yangu."

"Uliyahamisha, dada?"

"Nilipanga vitu vyangu vizuri. Niliyatoa pale yalipotapakaa, nikayaweka kwenye folda yake, nikaiandika jina jipya, USIGUSE."

"Basi na programu imetii, haigusi."

Hakucheka. Nikamwelekeza taratibu: airudishie folda jina lake la mwanzo, airejeshe pale pale ilipokuwa, kisha aiambie programu ikague upya. Nikamweleza kwamba kila kipande kina alama yake, ndiyo maana programu hukagua. Kilicho kizima hukihesabu, kibovu hukitupa na kukitafuta upya. Ilichukua muda, na yeye akiwa kwenye simu anahema kama anayepanda ngazi.

"Imeanza," akasema mwishowe. "Lakini inapita polepole, tobo la sindano hili."

Ikaja jioni tukafika tisini na nane. Zote. Yangu, ya msusi, ya karani, kila mtu tisini na nane na hapo hapo zikasimama. Nikafungua somo la nyakati. Leo, jana, kesho. "Sasa tuone kurudi." Bega. Vigae.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema nilikwambia. Aliniwekea mkono shingoni akasema, "Darasani kwenu si alikuwepo na yule wa matairi?"

Alikuwepo. Fundi matairi alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote, akikaa mbele, mikono yake mikubwa ikifanya ishara ndogondogo nzuri kama anashona. Kisha mkewe akaondoka na mtoto wao wa kiume kwenda kwao, na yeye akajitoa kwenye kundi bila kuaga. Hatukumfuata. Tuliona aibu kwa niaba yake, na aibu ya namna hiyo haimsaidii mtu.

Jumapili nikaenda kwake na Chiriku. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, anazungusha mpira ndani akitafuta mapovu. Aliponiona akapangusa mikono, lakini salamu ya kwanza alimpa mtoto, kwa ishara. Chiriku akamjibu hapo hapo na kumwonyesha kiatu chake kipya.

Nikamweleza yote, linki, vipande, tisini na nane. Alisikiliza huku amelitazama beseni.

"Mimi nilishaacha mambo hayo, dada yangu," akasema. "Nimfanyie nani mikono? Matairi?"

"Sikuombi ufanye mikono, kaka. Nakuomba ufungue kompyuta."

"Haikumalizika, ujue. Ilikwama."

"Zote zilikwama. Hakuna aliyemaliza."

Kijumba chake cha ofisi kilikuwa nyuma, na kwenye rafu palikuwa na kompyuta iliyofunikwa kwa taulo. "Sijaifuta," akasema, kana kwamba nilimuuliza. "Kila nikitaka kuifuta naona kama namfuta mtoto."

"Kesho namwacha huyu shuleni," nikasema, "na sijui kumwambia kwamba nitarudi. Atadhani nimemtupa."

Alimtazama Chiriku, ambaye alikuwa amekwisha kuchovya mkono wake ndani ya beseni, anapiga maji. Akainuka, akaenda kuondoa taulo.

Intaneti hakuwa nayo, nikamrushia ya simu yangu. Programu ikafunguka polepole, ikatafuta watu, na watu wakaonekana: msusi, karani, kompyuta yetu ya nyumbani iliyokuwa na mume wangu. Fundi alikuwa na tisini na mbili. Kwa dakika kadhaa hakuna kilichotokea, tukabaki tumesimama wawili mbele ya skrini yenye vumbi kama watu wanaongoja daktari atoke. Kisha simu yangu ikalia.

"Inatembea," akasema mume wangu. "Mama Chiriku, inatembea. Amekupa nini huyo mtu?"

"Hajanipa mimi kitu," nikamwambia. "Ametupatia wote."

Namba ya fundi nayo ilikuwa inapanda, maana na sisi tulikuwa na vyake. Ilipofika mia yeye ndiye aliyeona kwanza. Akakivuta kiti, akanionyesha nikae, na yeye akabaki amesimama. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Hilo la kurudi ni somo la ngapi?"

Tulilitazama pamoja pale ofisini, harufu ya mpira imetuzunguka. Mkono wa mwalimu ukapanda hadi begani, na safari hii haukuvunjika. Ulikwenda mbele mpaka ukanyooka, ukapinda taratibu, ukarudi kifuani na kutulia hapo. Jambo dogo hivyo. Fundi akalirudia mara moja, polepole, akimtazama mwalimu na si mimi. Nikageukia upande wa Chiriku ili nimwache fundi peke yake.

Jioni hiyo nilimfundisha mume wangu sebuleni, yeye anashika bisibisi kwa mkono mmoja na ishara kwa mkono mwingine, mpaka nikamnyang'anya bisibisi.

Jumatatu getini palikuwa na wazazi wengi na vilio vingi. Nikapiga goti mbele ya binti yangu. Nikamwonyesha shule, nikamwonyesha kulala, nikahesabu usiku kwenye vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, nikakifunga kila kimoja. Kisha nikajigusa kifuani, mimi, nikaupandisha mkono hadi begani, nikaunyoosha mbele, nikaupinda, nikaurudisha.

Alinitazama mkono, akanitazama uso. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Akavihesabu vidole tena peke yake, na akalia, kwa sababu kulielewa jambo hakulipunguzii uchungu. Lakini alilia akiwa amenishika, kama mtu aliyeambiwa, hakulia kama aliyetupwa. Naijua tofauti, mimi ni mama yake.

Alipomaliza akapangusa pua kwa sare ile niliyoinyoosha, akamgeukia baba yake. Akamgusa kifua. Nyusi juu. Na wewe?

Baba yake akanyoosha mkono, akaurudisha vibaya, kiganja kikitazama nje kama anafukuza kuku. Chiriku akatikisa kichwa. Akaushika ule mkono wenye mafuta ya friji yasiyotoka kwa sabuni yoyote, akakigeuza kiganja kitazame ndani, akausukuma mpaka ukagusa kifua. Tena. Baba akafanya tena. Chiriku akamkagua kwa muda mrefu, kisha akauchukua mkoba wake kutoka begani kwa baba yake na kuuvaa mwenyewe.