Taja Jina

Fomu ilikuwa yangu, lakini kila mtu alitaka kuijaza. Mathenge, mzee wa kanisa, aliniambia niandike udaktari, kwa sababu goti lilimsumbua tangu vita vya Mjerumani na alikuwa amechoka na dawa za dukani. Mwalimu wangu mkuu alisema niandike ualimu. Hata karani wa shamba, mtu ambaye hatukuwa tumewahi kusalimiana naye vizuri, alinisimamisha njia ya mtoni akaniarifu kwamba sheria ndiyo yenye heshima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeitwa na chuo kimoja cha Marekani nikaanze masomo Septemba ya mwaka huo wa hamsini na tisa, na sikumbuki hata mmoja wao aliyeniuliza, "Wewe Wariara, unataka nini?"

Basi sikumwuliza mtu. Kwenye mstari wa somo kuu niliandika saikolojia, elimu ya akili na nafsi ya mtu. Niliandika kwa wino makusudi, nisije nikaogopa nikafuta.

Ulibaki mstari mmoja tu, sahihi ya mzazi. Bila sahihi hiyo fomu ilikuwa karatasi ya kuwashia moto. Lori la shamba lingeteremka Nakuru Jumatatu asubuhi, na barua isipopanda siku hiyo haingefika kwa wakati.

Mzazi mwenyewe alikuwa baba yangu, Naftaly Kinyanjui. Zamani, tulipokuwa tukiishi Ndabibi, alikuwa fundi wa mikokoteni, mtu wa kelele, mwenye kucheka mpaka ng'ombe wageuke. Mwaka wa hamsini na nne askari wa Wazungu walimchukua wakati wa Hali ya Hatari, kwa tuhuma za kula kiapo cha waasi, akakaa kizuizini miaka mitatu na nusu. Sisi tulifukuzwa Ndabibi, na aliporudi tukapata kazi kwenye shamba la pareto huku juu ya Njoro. Nasema aliporudi, lakini aliyerudi simjui. Alikula akiwa amechuchumaa karibu na mlango. Land Rover ikipita barabarani, alichuchumaa pale pale alipo, mikono kichwani, kama walivyofundishwa kule, mpaka mlio upotee. Siku moja alifanya hivyo mbele ya kanisa zima, na watoto wakacheka. Niliwazaba makofi wawili, na mpaka leo sijawaomba radhi.

Nilitaka kujua walimfanya nini. Goti la Mathenge halikunihusu.

Jambo la pili lililonichoma lilikuwa maziwa. Kila Jumapili wafanyakazi walipewa chupa moja ya maziwa kwa nyumba, na kila Jumapili mama yangu, aitwaye Wangu, aliichukua yetu nzima akaipeleka kwa mama Njoki, nyumba ya nne kutoka kwetu. Sisi tulikunywa chai ya rangi. Mama Njoki naye alitoka Ndabibi. Mumewe, Gachanja, alikamatwa majuma mawili baada ya baba, akafia kizuizini. Binti yao Njoki nimecheza naye tangu tukiwa hatuna meno, kwa hiyo sikuwa na choyo nao. Lakini chupa nzima? Kila Jumapili? Nikiuliza, mama alinijibu, "Chunga mdomo wako," basi, yakaishia hapo.

Jumapili hiyo, tukitoka kanisani, nilimpa baba fomu. Kusoma alijifunza huko huko kizuizini. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Mama, hii ni nini?"

Hakuwahi kuniita Wariara. Nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita mama.

Nikamweleza, na nilieleza kwa maringo, maana hotuba nilikuwa nimeitayarisha. Nilisema ni elimu ya kujua mtu anavyofikiri, kinachomwumiza ndani, kwa nini anaogopa. Nilisema wako wataalamu ambao kazi yao ni kukaa na mtu, kumwuliza na kumsikiliza.

"Nawajua," baba alisema.

Sikuelewa.

"Tulikuwa na mmoja kule, Mzungu. Kaptura, kiko, meza safi. Wengine walipiga. Huyo hakupiga mtu. Aliuliza, akaandika. Akasema akili zetu zina ugonjwa." Akanirudishia fomu. "Andika kitu kingine."

"Nataka kusoma ili niandike tofauti na yeye!"

"Kalamu ni ile ile."

Hapo hasira zilinipanda. Kwetu binti hamfokei baba yake, lakini mimi nilifoka, na nyumba za jirani zilisikia. Nilimwambia nimechoka kukanyaga kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yetu. Nilimwambia miaka miwili hajatuambia hata neno moja, anakula mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa, na sasa anataka nami nifunge mdomo niende nao Marekani ukiwa umefungwa. Nikasema, na neno hilo linaniuma hata leo, kwamba huenda yule Mzungu alisema kweli.

Mama aliacha kuchambua maharagwe. Baba hakukasirika. Alivuta kigoda akakiweka mlangoni, mahali jua la alasiri linapoingia moja kwa moja.

"Unataka kazi ya kuuliza watu," alisema. "Kwanza uulizwe. Ukiweza, nitatia sahihi. Kaa."

Nikakaa, nikijipiga kifua moyoni. Maswali? Mimi niliyepita mitihani yote? Alichukua daftari langu na penseli, akakaa upande wa kivuli. Jua lilinipiga machoni nisimwone uso.

"Mikono kichwani. Jina?"

"Baba, si unanijua."

"Jina?"

"Wariara."

"Nani alikutuma uandike somo hili?"

"Hakuna."

Akaandika. "Uongo. Anza tena. Jina?"

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano sikucheka tena. Sauti yake haikupanda wala kushuka, ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu magunia. Jina. Nani alikutuma. Hakuna. Uongo. Anza tena. Kila nikijibu aliandika, na aliandika zaidi ya nilivyosema, hata nikaanza kujiuliza anaandika nini. Nilimweleza habari za kitabu kilichotoka chuoni, na ukurasa niliousoma chini ya mti wa shuleni. Uongo. Nilimwambia ni kwa ajili yake yeye, kwamba nilimwona akichuchumaa mbele ya kanisa na roho ikanitoka. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Akaandika hilo nalo.

"Uongo. Nani alikutuma?"

Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nilimtazama mama anitetee, akainama kwenye maharagwe yake. Nilimchukia. Nilimchukia baba, yule wa kaptura, na mimi mwenyewe pia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutafuta jibu ambalo lingempendeza. Ukweli nilishautoa na haukutakiwa.

"Yuko mtu," alisema. "Kila mmoja ana mtu wake. Ukimtaja tutamaliza, uende ukanywe chai. Taja jina."

"Hakuna!"

"Taja jina."

"Njoki!" nililia. "Ni Njoki! Njoki wa Gachanja ndiye aliyenituma! Haya!"

Penseli ilianguka.

Haikuwa kweli hata chembe. Njoki hakujua hata neno lenyewe, kazi yake ilikuwa kuchuma pareto kutwa nzima. Nilimtaja kwa sababu nyumba yao ilikuwa mbele ya macho yangu na jina lake lilikuwa karibu na ulimi.

Nilishusha mikono. Baba alikuwa amesimama, na sasa niliuona uso wake.

"Mimi nilikaa siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja nikisema hakuna. Siku ya kumi na mbili nikasema Gachanja."

Nilingoja aseme kwamba Gachanja alikuwa ndani ya mambo yale ya kiapo. Naona alijua ninachongoja.

"Hakuwa na lolote. Alikuwa jirani yangu tu. Nilikuwa nimeazima msumeno wake, nikawa nauwaza."

Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondokea maharagwe. Ndipo nilipoelewa habari ya chupa. Alijua siku zote. Tangu baba arudi alikuwa akibeba yale maziwa peke yake, na mimi nyuma yake nikinung'unikia chai ya rangi.

Nawaambia hasira zangu hazikutulia hapo, zilihama. Zilikwenda kwa mtu wa kaptura aliyekuwa na meza safi, aliyeandika kwenye jalada lake kwamba akili ya baba yangu ina ugonjwa, kisha akaenda zake kula chakula cha mchana. Hazijarudi tangu siku hiyo, na sitaki zirudi.

Baba aliokota fomu niliyoiangusha nilipoinua mikono. Aliomba kalamu ya wino, si penseli. Alitia sahihi yake kwa herufi kubwa zilizosimama wima, akaipulizia karatasi ikauke, akanipa.

"Uliulizwa nusu saa, mama," alisema. "Usisahau hiyo nusu saa ukifika huko."

Kisha akamgeukia mama yangu. "Wangu, maziwa yako wapi?"

"Hapo dirishani. Ninapeleka sasa hivi."

"Leo napeleka mimi."

Akaishika chupa kwa mikono miwili na kutoka. Tulisimama mlangoni tukimtazama akipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Barabarani hapakuwa na gari lolote. Alipofika mbele ya mlango wa mama Njoki, aliiweka chupa chini, akabisha, akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akachuchumaa, akaweka mikono kichwani.

Nilitaka kukimbia nikamwinue. Mama alinikamata mkono akanishika kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Mwache," alisema. "Mama Njoki ndiye mwenye haki ya kumwuliza."

Fomu ilikuwa mkononi mwangu, wino bado haujakauka vizuri. Mlango wa mama Njoki ukafunguka.