Bosi Alipotaga

Mtaani kwetu hakuna anayewajua kobe wa maji kunishinda mimi. Nawajua kwa tabia, kwa hasira, hata kwa namna wanavyopiga miayo. Ila suala la dume na jike ndilo lililonishinda: kwa muda mrefu mke nilimwita Bosi, na mume nikamwita Bibie.

Msinicheke. Wangekuwa wenu mngefanya vivyo hivyo. Mmoja alikuwa mpana kama sahani ya kupakulia, mzito, hana haraka, na chakula kikiletwa lazima aanze yeye. Nikasema huyu ndiye mwenye nyumba. Mwenzake mdogo, kucha zake za mbele ndefu na nyembamba, utadhani katoka saluni sasa hivi. Nikasema mwenye kucha hizi hafui wala hapigi deki, huyu ni Bibie.

Waliachwa na mpangaji wetu ndani ya beseni. Alisema atarudi kuwachukua, na mpaka leo yuko njiani. Nikawahamishia uani, kwenye hodhi la kuogea lililong'olewa bafuni, nikawawekea tofali la kuotea jua na ubao wa kupandia. Hapo ndipo ugomvi na wifi yangu ulipoanza.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Nyumba ni ya mama yao, kwa hiyo mimi nina kitanda, yeye ana kauli. Ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndipo kazini kwake, na hodhi lile alilitaka la kuloweka vitambaa vipya vijirudi kabla hajavikata.

"Yaani nguo za watu niloweke kwenye ndoo," alisema, "na hawa wasio na nguo waogelee kwenye hodhi?"

"Hawana nguo vipi, wifi? Huoni koti lile mgongoni?"

"Koti lenyewe halina mikono."

Baridi ilipoingia wakaacha kula. Wakatulia chini ya maji, macho wameyafumba, mchicha unaelea juu yao kama hauwahusu. Nikaanza kumlilia Bosi. Wifi akaja na mpini wa ufagio, akamgusa. Bosi akafungua jicho moja, akamtazama, akalifumba.

"Hajafa," akasema wifi. "Kachoka kukuona."

Kumbe baridi humwondolea kobe hamu ya kula, na ukimlazimisha chakula unaozesha maji bure. Joto liliporudi nao wakarudi, tena na vituko. Bibie alikuwa anaogelea kinyumenyume mbele ya uso wa Bosi, mikono kainyoosha, kucha zinatetemeka mashavuni mwa mwenzake kama mtu anayempepea mgonjwa.

"Unaona mke anavyomtunza mumewe?" nikamwambia wifi. Maneno hayo hata hayajapoa kinywani. Huyo "mume" akapanda ubao, akapitiliza, akaanguka chini puu, akajikokota hadi kwenye tuta langu la mchicha. Akachimba kwa miguu ya nyuma, taratibu, kama anayekorogea mtoto uji. Akataga.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Njoo umpe pole Bosi! Kajifungua!"

Mimi nimekulia kwenye kuku. Yai la kuku lazima ligeuzwe, kuku mwenyewe huligeuza. Basi nikayaweka mayai kwenye boksi la mchanga, nikawa nayageuza asubuhi na jioni, kwa mahaba yote. Yakaoza yote. Harufu ikahamia chumba cha mbele, wateja wa wifi wakawa wanapimwa mabega huku wameziba pua.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumtazama ng'ombe wa jirani nilimsimulia, akacheka akashika ukuta. "Bibi, la kobe haligeuzwi! Kitoto kinajishikiza juu ndani ya yai. Ukiligeuza umekizamisha. Chora alama juu, na alama hiyo itazame dari mpaka siku ya kutoka."

Bahati nzuri joto halijaisha Bosi akataga tena. Nikayachora misalaba kwa chaki ya wifi, nikaomba nafasi kwenye rafu iliyo juu ya meza yake ya pasi, maana nyumba nzima hapakuwa na penye joto kama pale. Wifi akashika kiuno.

"Weka. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha hakijatoka kitu, kobe waende bwawani na hodhi langu nalichukua. Na mimi simo. Sigusi, siangalii, na mkasi wangu usiwasogelee."

Mkasi huo sasa! Jaribu kumwomba fundi mkasi ukakatie karatasi, uone. Mkasi wa wifi haukati karatasi, haukati kamba, haukati ukucha. Marehemu mume wangu aliwahi kuukatia waya wa redio, na ndugu hao wawili hawakusemeshana mpaka mmoja wao alipougua.

Nikakubali masharti. Ningefanyaje? Usiku nilikuwa nawafikiria Bosi na Bibie huko bwawani, pasipo na mtu wa kuwaita kwa majina yasiyo yao.

Kuanzia hapo yakaingia mafumbo. Napeleka mchicha, Bosi ananitazama kama mgeni aliyekula kwake kabla ya kuja. Shingo imenona hadi kuingia ndani ni kazi. Sasa nikajiuliza, joto lipo, ugonjwa hakuna, wanakula upepo? Nikanusa maji. Nikakagua tuta la mchicha, halijaguswa. Nikakaa uani nikiwavizia, wao wakanivizia mimi, mwisho usingizi ukanichukua nikiwa na bakuli mapajani.

Na lile boksi. Mimi ni msahaulifu, silifichi, lakini kila nikikumbuka kunyunyizia ule mchanga maji naukuta mbichi. Misalaba imesimama vilevile, tena inang'aa kama ya jana, na chaki ilivyo haikawii kufutika. Nikajisifu kwamba nina mkono wa baraka. Hata kopo la vifungo, ambalo wifi hulitingisha kutwa nzima akitafuta kifungo, likahamia dirishani na kufunikwa kitambaa chepesi. Nikasema uzee umemwingia, kelele hazitaki tena.

Mawingu yakaja. Asubuhi moja mwalimu wa shule ya jirani alikuwa kaja na kitambaa chake cheupe, wifi anakikata, mara bati likaanza kulia. Nikachungulia boksi, bila miwani, nikaona kimya. Nikachukua beseni lilelile walilokuja nalo, nikaelekea mlango wa uani.

"Unakwenda wapi na beseni?" akauliza wifi.

"Kutimiza ahadi. Mvua hiyo."

Akaja, akatoa kichwa nje. Maji yakamchuruzika mpaka kidevuni. "Mvua ipi? Haya manyunyu? Sisi tulisema mvua."

"Wifi, umelowa."

"Jasho hilo. Nilikuwa kwenye pasi."

Mimi mzee, lakini mzee na mjinga ni watu wawili. Nikalishusha beseni.

Nyuma yetu mwalimu alikuwa kakisogeza kitambaa puani. "Fundi, samahani. Kitambaa changu kinanuka dagaa."

"Ni huko uani, mwalimu. Wifi yangu anafuga."

"Hapana, ni hapa ulipopitisha mkasi."

"Mkasi huu?" Wifi akapandisha sauti. "Tangu niingie kwenye kazi hii haujakata kitu ila kitambaa! Haki ya mama yangu!"

Nikauchukua mkasi mezani, nikasimama mlangoni, nikakata hewa: kachi, kachi, kachi.

Maji ya hodhi yakavurugika. Bosi na Bibie wakaupanda ubao wakisukumana, wakadondoka chini, puu, puu, wakaja mbio za kobe kwenye mvua, shingo zimenyooka. Wakanipita mimi niliyewalea kana kwamba ni mguu wa meza. Wakasimama mbele ya wifi, vinywa wazi. Bibie nusura aipepee kandambili.

"Wamenifananisha," akasema wifi.

"Na nani?"

Hajapata wa kumtaja, mwalimu akapiga kelele akiwa karibu na rafu. "Jamani, njooni! Yai linapasuka! Kuna kipua!"

Tukakimbilia huko, na miaka yetu hii. Msalaba mmoja ulikuwa umegawanyika katikati, na katikati yake kichwa kidogo, chenye mchanga puani, kikitutazama kama sisi ndio tumetoka kwenye yai. Machozi yakanilenga.

"Wa kwanza!" nikasema.

"Wa tatu," akanisahihisha wifi.

Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini macho hayana kiganja. Yalikuwa yameshakwenda dirishani, kwenye kopo la vifungo.