Meno Sita ya Mzee Odero

Gego la kushoto ndilo pekee lililokuwa bado likimtafunia mzee Odero chakula, na sasa shavu lilikuwa limevimba kama amebania andazi. Daktari wa meno alilichungulia, akasema linaokoleka: atasafisha mizizi, ataliziba, atalivika kofia. Bei yake, mishahara mitatu ya Moreen, bintiye, aliyefungasha sabuni kiwandani karibu na mtaa wa Namuwongo. Kung'oa ilikuwa bei ya viatu vya mtumba.

Lakini Moreen alikuwa na kadi ya bima ya kazini, na jina la baba lilikuwamo. Akaipeleka mapokezini bila wasiwasi.

Nuriat, dada wa Kinubi aliyeshughulikia mambo ya bima, alisoma kompyuta, akasoma tena.

"Dada, wamekataa meno. Wanasema mzee aliingia kwenye bima na kinywa kigonjwa. Fomu inasema meno sita hayapo."

Fomu ile aliijaza Moreen mwenyewe. Baba alikaa kando akitaja majibu, na walipofika kwenye meno akasema kwa majivuno, "Sita. Ya chini. Andika." Naye akaandika, kwa hati nzuri kabisa, bila kueleza kwamba Wajaluo wa rika la baba yake waling'olewa hayo sita wakiwa vijana, yakiwa mazima, ili wahesabiwe watu wazima.

"Si ugonjwa," alisema. "Ni mila."

"Mimi naelewa. Fomu yao haina mahali pa mila." Nuriat akapunguza sauti. "Mzee wangu, tuandike barua. Useme boda ilikuangusha, meno yakatoka. Ajali si ugonjwa, watakubali."

"Boda?" Odero aliangua kicheko, kisha akashika shavu kwa maumivu. "Wanaume wawili walinishika kichwa, nikakaa kimya. Kijiji kizima kiliona. Leo niseme nilitupwa na boda kama gunia la makaa?"

"Baba, ni karatasi tu."

"Ina jina langu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi si karatasi tu."

Moreen angeweza kuiandika barua mwenyewe. Baba hakujua kusoma, na kalamu ilikuwa palepale mezani. Hakuigusa. Akafungua pochi, akalipia kung'oa.

Walipotoka, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi nje ya lango. Odero, pamba kinywani, akasimama, akaelekeza kidole kwenye hindi lililokwisha chomwa.

"Baba, hutaweza."

Akatikisa kichwa, akamwelekezea yeye kidole. Wewe.

Moreen akanunua. Akala amesimama, punje kwa punje, baba yake akimwangalia taya.

"Gumu?" aliuliza mzee kupitia pamba.

Lilikuwa changa, laini, bado lina maziwa.

"Gumu sana, Baba," alisema. "Hata jana usingeliweza."

Mzee akaitikia kwa kichwa, wakaendelea kushuka.